Moyo Usiotulia: Historia ya Istilahi za Mhemko, Tukiitazama kutoka Mwanza

I. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi, vitu vigeni havitupi taabu kubwa. Mashine mpya ikifika bandarini bila jina, wataalamu hukaa, hushauriana, na mwishowe huipa jina ambalo hapana mtu mwenye sababu ya kulipinga. Taabu huja tunapotakiwa kutoa istilahi ya jambo ambalo wananchi wanalijua tangu zamani, wamekwisha kulipa majina yao, na majina hayo yamebeba hukumu ndani yake. Hasira, majonzi, woga na furaha ni mambo ya namna hiyo.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya mambo hayo, nayo ni shida wanayoipata baadhi ya watu wazima katika kuituliza mihemko yao. Utabibu wa leo unaikuta shida hii hasa katika magonjwa mawili. Wa kwanza ni ule unaojulikana duniani kwa herufi nne za Kiingereza, ADHD, ambao humfanya mtu ashindwe kulizingatia jambo moja kwa muda, ashindwe kutulia, na atende kabla ya kufikiri. Wa pili ni ugonjwa wa haiba ambao jina lake la Kiingereza, likitafsiriwa neno kwa neno, ni "haiba ya mpakani". Mwenye ugonjwa huu huogopa mno kuachwa na wapenzi wake, huona utupu ndani ya nafsi yake, na mara nyingine hujidhuru. Magonjwa haya ni mawili na tiba zake ni mbili, lakini yanakutana mahali pamoja: mhemko hupanda haraka kuliko kiasi cha jambo lililousababisha, na mwenye nao hawezi kuushusha.

Mfasiri anayeandika kijitabu cha zahanati, mwalimu anayejaza taarifa ya mwanafunzi na karani anayeandika maelezo ya mshitakiwa, wote hukutana na shida hii na kutafuta neno la kuitaja. Dai letu ni kwamba neno watakaloliandika litaamua kama msomaji ataona mgonjwa au ataona mkosaji. Tutalieleza dai hilo kwa njia ya historia, na tumechagua kusimama Mwanza, kwa sababu katika mwambao wa Ziwa Viktoria Kiswahili hukutana kila siku na Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kihaya na Kijaluo. Istilahi isiyoeleweka gatini na sokoni Mwanza haiwezi kudai kwamba ni ya taifa zima.

II. Maneno tuliyoyarithi

Kiswahili kilikuwa na msamiati mpana wa mambo ya moyo kabla ya kuja kwa daktari yeyote wa magonjwa ya akili. Mtu alikuwa na moyo mzito au moyo mwepesi. Alikufa moyo, akatiwa moyo, akapiga moyo konde. Aliyeumizwa kwa maneno alisema amekatwa maini. Zingatia kwamba katika misemo hii yote moyo unatendwa au unatenda, wala haushikiliwi kama mali iliyopotea. Moyo uliokufa waweza kufufuka, na ulio mzito waweza kuwa mwepesi.

Watu wa Ziwa nao walikuwa na misamiati ya namna hiyo. Wasukuma huuita moyo ng'holo. Wahaya husema omutima, nasi tunalo neno mtima, ambalo siku hizi limebaki zaidi katika ushairi, lakini ni ndugu wa damu wa neno hilo la Bukoba. Wajaluo hutumia neno chuny, ambalo hutaja ini na pia hutaja moyo kama makao ya hisia. Kwa hiyo Mjaluo wa Rorya hahitaji kufafanuliwa sana msemo wetu wa kukatwa maini. Hii ni akiba ambayo mwundaji wa istilahi hana budi kuihesabu kabla ya kwenda kukopa mbali.

Kwa upande mwingine, maneno ya ugonjwa wenyewe yalikuwa machache na makali. Neno wazimu lina uhusiano na mzimu na kuzimu. Linamtaja mgonjwa kama mtu aliyeingiliwa na nguvu za waliokufa. Majinuni, tulilolipata kutoka Kiarabu, linamtaja kama mtu aliyeshikwa na majini. Kichaa, punguani na hamnazo yanataja kukosekana kwa akili moja kwa moja. Maneno haya yote yana mlango mmoja tu: aidha mtu amepotewa na akili, au hakupotewa. Aliyebaki nje ya mlango huo, yaani mtu mwenye akili zake timamu lakini ambaye mihemko yake humshinda, hakuwa na jina la ugonjwa. Aliitwa kwa jina la tabia: mkali, mkorofi, mwenye hamaki.

Neno hilo la mwisho linafaa kuchunguzwa. Katika Kiarabu, shina lililotupatia hamaki lina maana ya upumbavu. Wenyeji wa mwambao wa Bahari ya Hindi walilichukua wakaliweka kwenye hasira ya ghafla, na bila shaka waliona uhusiano: anayehamaki hutenda kama mpumbavu kwa kitambo kifupi, kisha akili humrudia. Huo ni uchunguzi sahihi kabisa wa jambo ambalo matabibu walikuja kulieleza baadaye. Hata hivyo, neno lilibaki kuwa lawama.

Usukumani mambo hayo hayakutengwa na uhusiano wa jamaa. Mtu aliyebadilika moyo alipelekwa kwa bafumu, yaani waganga na waaguzi, nao walitaka kujua habari za nyumba yake na za masamva, mizimu ya jamaa waliotangulia: nani amesahauliwa, nani amekosewa, nani ameacha wajibu wake. Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa tiba ya magonjwa tunayoyajadili. Tunasema tu kwamba mganga alimuuliza mgonjwa yuko vipi na watu wake, na swali hilo ni la kwanza pia kwa daktari wa leo anayeuchunguza ugonjwa wa pili kati ya hayo mawili.

Anayetaka kuona jinsi mihemko ya watu wa Ziwa ilivyoweza kuandikwa kwa Kiswahili na asome kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza kuiandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipokosa mchapishaji katika lugha hiyo, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Habari zake ni za mume na mke waliokosa watoto, na jinsi uchungu huo unavyopita kati ya nyumba mbili za wakwe. Mfasiri huyo hakuhitaji istilahi za kitabibu ili auonyeshe uchungu. Lakini karani na mwuguzi hawana kurasa mia kadhaa za kueleza. Wao wanahitaji neno moja au mawili, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

III. Reli ya Dodoma

Serikali za kikoloni zilileta majumba kabla ya kuleta maneno. Wakati wa Wajerumani, wamisionari wa Kilutheri walikuwa na kituo huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani; mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Wakati wa Waingereza hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Mwaka uliofuata, 1928, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Kwa hiyo mgonjwa wa Mwanza aliweza kupandishwa gari la moshi, akapitia Tabora na kushushwa Dodoma, mbali sana na jamaa zake na mbali na lugha yake.

Jambo hili liliacha alama katika Kiswahili. Mirembe ilikuwa jina la hospitali, lakini kwa wananchi wengi ikageuka kuwa jina la hali. Kusema "huyu ni wa Mirembe" kulitosha kumfunga mtu mdomo katika mkutano wa kijiji au katika ofisi. Sheria nayo ilikuwa na swali moja: je, mtu huyu ana akili au hana? Akiwa hana, afungiwe. Akiwa anazo, ahukumiwe. Mlango ule mmoja wa maneno ya zamani ulipata sasa kufuli ya chuma.

Matokeo yake ni kwamba wale tunaowajadili hapa hawakuonekana kabisa. Mtu aliyehamaki asubuhi na kuomba radhi mchana hakupandishwa gari la moshi. Alibaki nyumbani, akapoteza kazi bandarini au katika kiwanda cha kuchambua pamba, akagombana na wenziwe wa mtumbwi, akaachwa na mke au akaachwa na mume, na watu wakasema kwamba hakulelewa vizuri.

IV. Shule, hospitali na lugha ya taifa

Mwaka 1967 ulibadili mambo mengi. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa Sheria Na. 27. Elimu ya msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, na baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote wa mwaka 1977 madarasa yalijaa. Katika madarasa hayo mwalimu alimkuta mtoto asiyekaa kitini, anayejibu kabla swali halijaisha, anayelia au kupigana kwa jambo dogo. Alikuwa na neno moja la kumwita: mtukutu. Neno hili linatokana na kutukuta, yaani kutikisika na kutotulia. Asili yake ilikuwa maelezo tu ya mwendo wa mwili, lakini darasani lilikuwa hukumu, na baada ya hukumu ilifuata fimbo.

Kwa upande wa tiba, Mwanza ilipata hospitali kubwa ya Bugando mwaka 1971. Ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikachukuliwa na serikali mwaka 1972, ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985, na imekuwa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Daktari alijifunza kazi yake kwa Kiingereza na akaandika faili kwa Kiingereza. Mgonjwa alizungumza Kiswahili au Kisukuma. Kati yao alisimama mwuguzi, ambaye bila cheo wala posho ya ufasiri alilazimika kuunda istilahi papo hapo, kitanda kwa kitanda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotolewa mwaka 1981, ilimsaidia katika maneno mengi, lakini kamusi ya jumla haiwezi kuwa kamusi ya wodi.

Hata hivyo, maendeleo yamepatikana. Neno sonona, ambalo zamani lilikuwa kitenzi cha kuumia na kusikitika, sasa ni jina la ugonjwa wa huzuni iliyozidi. Usonji umekubalika kwa ugonjwa ambao zamani haukuwa na jina. Msongo wa mawazo unasikika redioni kila siku. Maneno haya yamefaulu kwa sababu yanaieleza hali bila kumtukana mwenye hali. Ni kipimo hicho tutakachokitumia hapa chini.

V. Jinsi magonjwa haya yalivyopata majina ugenini

Mfasiri asijidanganye kwamba majina ya Kiingereza yameshuka kutoka mbinguni. Nayo yana historia, na historia hiyo imejaa makosa yaliyosahihishwa.

Mwaka 1798 daktari Alexander Crichton aliandika habari za watu ambao mawazo yao hayatulii mahali pamoja. Mwaka 1902, mjini London, daktari George Still alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili ya kawaida ambao hata hivyo walishindwa kujizuia, na miongoni mwa dalili alizozitaja ilikuwamo hasira kali. Yeye aliita hali hiyo kasoro ya uwezo wa kimaadili. Angalia, msomaji, kwamba hata Uingereza jina la kwanza lilikuwa la lawama. Mwaka 1937 Charles Bradley wa Marekani aliona kwamba dawa ya kuchangamsha ubongo iliwatuliza baadhi ya watoto wa namna hiyo, na hapo ikaanza kuonekana kwamba jambo lenyewe ni la ubongo.

Lakini Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake mwaka 1980, ugonjwa huo ulipewa jina la upungufu wa uzingativu, na mihemko ikawekwa pembeni kama jambo la ziada. Paul Wender na wenzake huko Utah, waliokuwa wakiwachunguza watu wazima tangu miaka ya 1970, hawakukubali. Katika vigezo vyao waliendelea kuhesabu hasira za haraka, mhemko wa kupanda na kushuka, na kushindwa kustahimili shinikizo. Mwongozo wa mwaka 2013 ulieleza vizuri zaidi jinsi ugonjwa huu unavyoonekana kwa watu wazima, lakini mhemko ulibaki nje ya vigezo vikuu. Kwa hiyo jina la Kiingereza, ambalo wengi wetu tunalifasiri kwa utiifu, limeficha nusu ya taabu ya mgonjwa.

Ugonjwa wa pili una hadithi inayofanana. Mwaka 1938 Adolph Stern aliandika kuhusu wagonjwa ambao, kwa fikra za wakati ule, walikuwa mpakani mwa makundi mawili ya magonjwa: yale mepesi ya wasiwasi na yale mazito ya kupotewa na akili. Neno "mpaka" likatoka hapo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1980 ulilifanya kuwa jina rasmi, ingawa wataalamu walikuwa wakiiacha ile dhana ya mpaka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya kumi ya magonjwa, lilichagua jina linaloeleza vizuri zaidi, yaani haiba isiyo imara kimhemko. Orodha ya kumi na moja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeyapanga upya magonjwa ya haiba kwa kadiri ya uzito wake, na neno "mpaka" limebaki kama kitambulisho cha nyongeza tu.

Aliyeliweka suala la mhemko katikati ni Marsha Linehan wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 alieleza kwamba mtu wa namna hii huzaliwa na hisia nyepesi kuguswa, kisha akalelewa mahali ambapo hisia zake zinakanushwa. Aliwafananisha wagonjwa hao na watu walioungua moto, ambao mguso mdogo tu huwaumiza. Tiba aliyoiunda humfundisha mgonjwa stadi: kuutambua mhemko, kuustahimili, kuushusha, na kuzungumza na wenziwe. Wengi hupata nafuu kadiri miaka inavyopita.

Hapa pana tofauti ambayo istilahi zetu lazima ziilinde. Kwa mwenye ADHD, mhemko kwa kawaida hupanda ghafla na kushuka upesi, kama upepo wa alasiri ziwani. Mara nyingi umefungamana na kukatizwa, kungojewa, au kushindwa kazi. Kwa mwenye ugonjwa wa pili, mhemko hufungamana zaidi na uhusiano wa watu, hukaa muda mrefu zaidi, na huambatana na hofu ya kuachwa. Wa kwanza aweza kusaidiwa na dawa za kuongeza uzingativu. Wa pili husaidiwa kwanza na tiba ya mazungumzo na mafunzo. Baadhi ya watu wana yote mawili. Istilahi moja ya jumla, kama vile "ugonjwa wa hasira", ingewapeleka wote kwenye dirisha moja la dawa, na hilo lingekuwa kosa la kitabibu lililosababishwa na mfasiri.

VI. Uchaguzi wa istilahi

Sasa tuyapime maneno yenyewe, moja baada ya jingine.

Kwanza, mhemko na hisia. Hisia ni neno pana; linahusu pia baridi, joto na maumivu ya mwili. Jazba limeelemea upande wa hamasa, ya dini au ya siasa. Mhemko, kutokana na kuhemka, linataja mwinuko wa moyo, na ndilo tunalolipendekeza.

Pili, udhibiti. Neno hili limezoeleka sana katika tafsiri za siku hizi: "udhibiti wa hisia". Lakini katika Kiswahili hudhibitiwa magendo, wezi, moto na mfumuko wa bei. Anayedhibiti ni mwenye nguvu, na asiyedhibiti amezembea. Tukimwambia mgonjwa kwamba ameshindwa kudhibiti hisia zake, tumemwambia kwamba amezembea lindo. Badala yake tunapendekeza kitenzi kumudu. Mtu humudu mzigo, humudu gharama, humudu kazi. Asiyemudu hakukataa, mzigo umemzidi. Na asiyemudu leo aweza kumudu kesho akisaidiwa au akifundishwa. Basi tuseme ugumu wa kumudu mhemko. Istilahi hii itumike kwa shida yenyewe, ambayo hukutwa katika magonjwa yote mawili.

Tatu, jina la ADHD. "Upungufu wa umakini" huleta shida mbili. Umakini ni sifa njema ya mtu mzima mwenye busara, na kumwambia mtu kwamba amepungukiwa nao ni karibu na kumwita punguani. Aidha, mgonjwa huyu hapungukiwi daima; lipo jambo analolipenda ambalo hulizingatia hata akasahau chakula. Kinachomshinda ni kuuelekeza uzingativu wake panapotakiwa. "Utukutu" nao haufai kwa sababu tulizozieleza, na "uchangamfu uliozidi" ni karibu na sifa. Tunapendekeza ugonjwa wa ugumu wa kuzingatia na kutulia. Jina ni refu, lakini kila neno lake linaeleweka Magu na Sengerema bila mkalimani.

Nne, jina la ugonjwa wa pili. Neno mpaka tuliache. Limetokana na dhana iliyokwisha kupitwa na wakati, na kwa watu wa Ziwa, ambalo limegawanywa kati ya nchi tatu, mpaka ni jambo la forodha na uvuvi. Kuhusu haiba, tunakiri kwamba kwa wengi neno hili bado lina maana ya mvuto wa sura au mwenendo. Lakini tabia lina lawama, na hulka lina maana ya jambo la kuzaliwa nalo lisilobadilika, hali wagonjwa hawa hubadilika. Tulishike haiba, ambalo limekwisha kuingia katika vitabu vya saikolojia, na tuliongezee kivumishi tete: haiba ya mhemko tete. Kitu tete hushikwa kwa uangalifu. Hakitukanwi kwa utete wake.

Kuna watakaouliza kwa nini hatukuchukua neno kutoka lugha ya Ziwa. Swali ni la haki, maana Kiswahili kimekopa huko kwa manufaa: ikulu tulilipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kwao likiwa makao ya mtemi, na ngeli hutajwa kuwa limetoka Kihaya. Lakini hukopwa pale ambapo nyumbani hapana. Kumudu, kuzingatia, kutulia na tete tunayo. Mchango mkubwa wa lugha za Ziwa katika suala hili ni kutukumbusha kwamba moyo hutajwa pamoja na watu wake.

VII. Mahali istilahi inapoamua

Huenda ikadhaniwa kwamba haya ni mabishano ya wanalugha. Tutoe mifano mitatu.

Mwuguzi akimwambia mvuvi wa makamo, "Baba, punguza hasira, jidhibiti," atajibiwa kwa kimya, na mgonjwa hatarudi. Akimwambia, "Baba, hatusemi kwamba hutaki kutulia, mhemko unakuja na mzigo usioumudu peke yako, na ziko njia za kukusaidia kuubeba," amemweleza ugonjwa na tiba kwa pumzi moja.

Mwalimu akiandika katika taarifa, "Mtukutu, hasikii," mzazi atachukua fimbo. Akiandika, "Ana ugumu wa kuzingatia na kutulia, achunguzwe hospitali," mzazi amepewa njia.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Mwenye haiba ya mhemko tete yumo katika hatari ya kujidhuru. Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, katika kifungu chake cha 217 imekufanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilileta maneno mapya mahali pa maneno ya zamani ya maradhi ya akili, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maelezo ya mtu aliyeokolewa baada ya kujidhuru yataandikwa kwa Kiswahili, na hakimu atayasoma kwa Kiswahili. Karani akiandika kwamba mshitakiwa "ni mkorofi na mwenye hasira", faili limefungwa. Akiandika kwamba mshitakiwa "ana dalili za ugumu wa kumudu mhemko", hakimu amepewa sababu ya kuuliza kama daktari amemwona. Wanalugha hatutungi sheria wala hatutoi hukumu. Lakini tunawajibika kwa maneno ambayo hukumu huandikwa kwayo.

VIII. Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba Kiswahili kilianza na mlango mmoja, wa mwenye akili na asiye na akili, na kwamba ukoloni uliuimarisha mlango huo kwa majumba na sheria. Inaonyesha pia kwamba wataalamu wa nje walianza na lawama, wakaisahau mihemko, kisha wakairudia. Sisi hatulazimiki kuipitia njia yao yote. Tunaweza kuanzia pale walipofika, tena kwa maneno tuliyo nayo.

Kwa hiyo tunaleta mbele ya wasomaji istilahi hizi: mhemko, kumudu mhemko, ugumu wa kumudu mhemko, ugonjwa wa ugumu wa kuzingatia na kutulia, na haiba ya mhemko tete. Ni mapendekezo ya kujadiliwa, wala si amri. Tunawaomba wauguzi na matabibu wa Kanda ya Ziwa, walimu, makarani wa mahakama na wafasiri wazijaribu katika kazi zao, wazisome mbele ya wagonjwa na jamaa zao, na watuletee maoni. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wale wanaozungumza na mgonjwa kwa Kisukuma au Kikerewe na kuandika kwa Kiswahili, kwani wao huyapima maneno haya mara mbili. Neno litakalomfanya mgonjwa aseme, "Ndivyo nilivyo," bila kuona haya, hilo tutalishika; na lile litakalomfanya ainamishe kichwa, hata likiwa limeundwa kwa ufundi namna gani, tutaliacha.